Mizani iliyofunikwa: Je, faida ya nyumbani ni dhulma?

Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, alinipigia simu usiku. Baada ya salamu na kuulizana hali za jamaa, alisema: "Mjomba, nina swali, lakini naomba usinicheke. Kuna jambo nimelifanya katika mchezo, na sijui kama nimewadhulumu watu."

Nilicheka. Mtu mzima mwenye mke na mtoto ananiamsha kwa ajili ya mchezo! Lakini alipomaliza kunieleza nilinyamaza, na tangu usiku ule swali lake halijanitoka kichwani. Nimeona nilifikishe kwa ndugu wasomaji kwa sababu halihusu mchezo peke yake, na kwa sababu katika kulitafakari nimejikuta na mimi nina hesabu ya kujibu.

Mchezo wenyewe ni besiboli, ambao wengi wetu hatuujui. Kwa ufupi, mtu mmoja anarusha mpira, na mpinzani wake anajaribu kuupiga kwa gongo kisha azunguke vituo vinne ili timu yake ipate alama. Timu hupokezana zamu tisa. Mgeni hupiga kwanza, mwenyeji hupiga mwisho. Wamarekani wanauandikia mchezo huu takwimu za kila kitu, na katika takwimu hizo ukazaliwa mchezo mwingine, wa kuigiza. Mwaka 1951 ulitoka mchezo wa mezani uitwao APBA, na mwaka 1961 ukafuata Strat-O-Matic. Humo kila mchezaji wa kweli ana kadi yake yenye sifa zake, na dadu ndizo zinazoamua kama amepiga au amekosa. Baadaye kazi ya dadu ikachukuliwa na kompyuta.

Leo marafiki kumi au ishirini wanaweza kuunda ligi yao. Kila mmoja anamiliki timu, anapanga wachezaji, anaamua nani apumzike na nani acheze. Kompyuta inazicheza mechi usiku, na asubuhi kila mtu anaamka kusoma matokeo.

Nilimwuliza mpwa wangu kwanza kama kuna fedha. Akajibu: "Hata senti moja hakuna, mjomba. Bingwa anaandikwa jina tu." Nilishukuru, maana kama kila mtu angeweka chake na mshindi akavichukua vyote, mjadala ungeishia hapo hapo kwenye kamari. Kuhusu dadu, wanazuoni wengi wamekataza michezo yake kwa kutegemea hadithi za nardi. Kama namba zinazotolewa na kompyuta zinaingia katika hukumu hiyo hiyo, mimi si mufti. Nimemwelekeza akamwulize sheikh wa msikiti wake. Swali alilonipigia simu lilikuwa jingine.

Ligi yao ina watu 12, wengi wao wafanyakazi wenzake, na Muislamu ni yeye peke yake. Walipoianzisha walitafuta msimamizi, yaani mtu wa kushika ufunguo wa programu na kuipanga. Wakamchagua yeye, na mmoja wao akasema mbele ya wote kwamba wanamchagua kwa sababu "huyu hasemi uongo". Akaandika kanuni za ligi, kurasa tatu, wakakubaliana. Ndani ya programu, hata hivyo, kulikuwa na ukurasa ambao msimamizi peke yake ndiye anayeuona, na humo kulikuwa na kipimo cha faida ya nyumbani.

Hapa inabidi tueleze faida hiyo ni nini. Katika karibu kila mchezo duniani timu mwenyeji hushinda zaidi ya mgeni. Katika besiboli ya Marekani, kwa miaka mingi, mwenyeji ameshinda takriban mechi 54 katika kila 100. Sababu ni nyingi. Mwenyeji hakusafiri. Anaujua uwanja wake, na viwanja vya besiboli havifanani: ule wa Boston una ukuta wa upande wa kushoto wenye urefu wa mita 11, na ule wa Denver uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali zaidi. Mwenyeji pia anapiga mwisho, kwa hiyo anajua anahitaji alama ngapi.

Sababu nyingine iko katika moyo wa mwamuzi. Mwaka 2005 wachumi Garicano, Palacios-Huerta na Prendergast walichapisha uchunguzi wao kuhusu ligi ya soka ya Hispania. Waligundua kwamba mwenyeji akiwa nyuma kwa bao moja, waamuzi waliongeza dakika nyingi za nyongeza, na akiwa mbele kwa bao moja, waliongeza chache. Ulipokuja ugonjwa wa korona na viwanja vikafungwa kwa mashabiki, katika Ligi Kuu ya Uingereza ya msimu wa 2020/21 wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144. Mwamuzi hakuhongwa. Kelele za watu zilikuwa zikimvuta bila ya yeye kujua.

Kwa hiyo mtengenezaji wa mchezo wa kuigiza anayetaka ufanane na ukweli anamwongezea mwenyeji uzito kidogo. Kila mpira unaporushwa, kompyuta inatoa namba, na namba hiyo inalinganishwa na jedwali la uwezekano. Ukilisogeza jedwali hilo kidogo tu kila mara, mwisho wa msimu mwenyeji atakuwa ameshinda zaidi, na hakuna mechi hata moja ambayo utaweza kuinyooshea kidole na kusema, "Hapa ndipo alipopendelewa."

Mpwa wangu alikikuta kipimo kile katika kiwango cha kawaida, akakipandisha mpaka mwenyeji akawa anashinda kama mechi 58 katika 100. Anasema alitaka msimu uchangamke. Alifanya hivyo kabla mechi ya kwanza haijachezwa, akaitumia kwa timu zote 12 sawasawa, na hakumwambia mtu. Misimu miwili ikapita. Katika msimu wa pili yeye aliongoza msimamo, na kwa mujibu wa kanuni zao anayeongoza anakuwa mwenyeji wa mechi nne kati ya saba za fainali, ikiwemo ya saba. Akashinda ile ya saba, akawa bingwa.

Yule aliyeshindwa hakugomba. Alikaa akahesabu matokeo ya misimu yote miwili, jumla ya mechi 720, kisha akamtumia ujumbe wenye namba tupu: wenyeji wameshinda 419. Kama uwanja usingekuwa na uzito wowote, tungetarajia 360. Kama ingekuwa kiwango cha besiboli ya kweli, zingekuwa kama 389. Chini yake akaongeza swali moja: "Ulijua?" Kisha akajitoa katika ligi.

"Mjomba," mpwa wangu aliniuliza, "kanuni ilikuwa moja kwa wote. Kila timu ilicheza nusu ya mechi zake nyumbani. Sikujua kama mimi ndiye nitakayeongoza. Nimedhulumu wapi?"

Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi. Nilimwambia huo ni mchezo tu, awaombe radhi yaishe. Na hoja yake ilinishawishi, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba dhulma ni kumbagua mtu, na kwamba kanuni ikiwa moja kwa wote basi haki imetimia.

Siku ya pili nikaikumbuka hadithi mashuhuri iliyopokelewa katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Akamwuliza mwenye mali kuna nini. Yule mtu akajibu kwamba mvua imeinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, na akamkana anayeghushi kuwa si katika watu wake.

Tuitazame vizuri hadithi hii. Mfanyabiashara yule hakumwaga maji katika nafaka. Mvua ilitoka kwa Mwenyezi Mungu, wala hakulaumiwa kwa mvua. Hakukatazwa hata kuiuza nafaka iliyolowa. Alilaumiwa kwa mahali alipouweka unyevu. Wala haikumfaa kitu kwamba rundo lilikuwa moja na kila mnunuzi angechotewa humo humo.

Faida ya nyumbani ni mvua. Ipo, na hakuna aliyeitunga. Kuipenda timu ya kwenu, kuuzoea uwanja wenu na kulala kitandani kwako usiku wa kuamkia mechi si makosa. Mpwa wangu hakukosea kuweka faida ya nyumbani katika mchezo wake, na nathubutu kusema hata kuiongeza mpaka 58 kusingekuwa kosa kama wenzake wangejua na kukubali. Kosa lilikuwa kuifunika.

Nikampigia simu nikamwuliza: "Wiki ya mwisho ya msimu wako wa pili, wewe ulifanya nini?" Akasema alipanga wachezaji wake bora kila siku ili asishuke kutoka nafasi ya kwanza. "Na yule rafiki yako?" Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba yule alikuwa nyuma yake kwa mchezo mmoja tu, lakini aliwapumzisha warushaji wake ili wawe na nguvu katika fainali, kwa kuwa aliamini kuongoza msimamo hakuna thamani kubwa.

Hapo ndipo dhulma ilipo. Kanuni ilikuwa moja, lakini elimu ya kanuni haikuwa moja. Mmoja alijua bei ya nafasi ya kwanza, na kumi na mmoja waliibahatisha. Yule rafiki aliamua kwa akili yake yote, ila aliamua juu ya picha isiyokuwa ya kweli, na aliyeichora picha hiyo ni mshindani wake. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu anatukataza kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Mtu hawezi kuliridhia asilolijua. Hapa hapakuwa na mali, lakini msingi wa ridhaa ni ule ule.

Utasema 58 na 54 ni tofauti ndogo. Ni kweli, na udogo wake ndio unaoitisha. Ukirusha sarafu mara 100 ikaangukia upande mmoja mara 58, wengi watasema ni bahati tu. Yule rafiki hakuweza kuijua mpaka alipohesabu mamia ya mechi, na wangapi wana subira hiyo? Suratul-Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa watu wanaopunja vipimo, na wanazuoni wa lugha wanatueleza kwamba jina hilo linatokana na neno lenye maana ya kitu kidogo, kisicho na thamani. Mpunjaji haibi gunia. Anachukua punje chache katika kila kibaba, kiasi ambacho mnunuzi hawezi kukigundua. Mwizi wa gunia hukamatwa na polisi, lakini huyu hana wa kumkamata ila moyo wake.

Wamarekani wenyewe wamewahi kulikabili suala hili katika besiboli ya kweli. Kuanzia mwaka 2003 mpaka 2016, ligi yao ilikuwa na kanuni ya ajabu: timu itakayokuwa mwenyeji wa mechi nyingi za fainali ilipatikana kwa kuangalia upande upi umeshinda mechi moja ya maonyesho ya katikati ya msimu. Wengi waliiona kuwa ya kipuuzi. Lakini ilitangazwa, kila mtu aliijua, na sikumbuki aliyesema kuwa ameibiwa.

Linganisha na timu ya Houston Astros. Mwaka 2017, katika uwanja wao wa nyumbani, walitumia kamera iliyoelekezwa kwa mdakaji wa wapinzani ili kuziona ishara za vidole anazompa mrushaji wake. Nyuma ya pazia mtu aliitazama picha hiyo, kisha likagongwa pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja. Mwaka huo wakawa mabingwa. Uchunguzi wa ligi ulipokamilika Januari 2020, walitozwa faini ya dola milioni 5 na kunyang'anywa nafasi za kusajili vijana, na kocha na meneja mkuu wakafungiwa mwaka mzima, kisha wakafukuzwa kazi. La kuzingatia ni kwamba kuzisoma ishara za mpinzani kwa macho yako ukiwa uwanjani haikukatazwa, kwa kuwa mpinzani anajua unamtazama na anajikinga. Kamera iliyofichwa ni jambo jingine, kwa sababu mgeni alidhani anacheza mchezo mmoja, kumbe mwenyeji anacheza mwingine.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya mwenye ufunguo mwenyewe. Mwandishi wa Marekani, Robert Coover, alitoa riwaya mwaka 1968 kuhusu mhasibu aitwaye J. Henry Waugh, aliyekuwa na ligi ya besiboli ya dadu chumbani kwake, akiicheza peke yake. Siku moja dadu zikamwua mchezaji wake kipenzi. Waugh hakustahimili. Baadaye akazigeuza dadu kwa mkono wake ili mrushaji wa upande wa pili naye afe. Tangu hapo hakujua tena kama ni mtazamaji au ni mungu. Sisi tunaamini kwamba ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.) peke yake. Yeye ameficha riziki na ajali za waja wake, naye hamdhulumu mtu hata uzito wa chembe. Mwanadamu anayewafichia wenzake kanuni inayowahukumu anakaa katika kiti kisichokuwa chake, tena bila ya uadilifu wa Mwenye kiti.

Sisi Waswahili tunayajua haya bila kusoma riwaya. Akina mama wanapocheza upatu, kijumbe akichukua mzunguko wa kwanza huwa limesemwa tangu siku ya kwanza, kwamba hayo ndiyo malipo ya usumbufu wake. Hakuna anayenung'unika. Lakini kijumbe huyo huyo akipanga majina kwa siri na kusema ni kura, upatu unavunjika na udugu unavunjika nao, hata kama mpangilio wake ulikuwa mzuri.

Sasa nije kwenye hesabu yangu mwenyewe.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mjumbe wa kamati inayosimamia jengo moja la wakfu lenye fremu za maduka. Fremu ikiwa wazi tunabandika tangazo kwamba Muislamu yeyote mwenye sifa aombe, na sifa tunazitaja: uwezo wa kulipa kodi, biashara ya halali, wadhamini wawili. Waombaji tunawapa alama. Ila sisi wajumbe tuna sifa moja ambayo haikuandikwa popote: anayeswali msikiti wetu, tunayemfahamu, anaongezewa alama. Hatukuwahi kuipigia kura. Kila mmoja alijua tu. Tulijiona waadilifu, kwa kuwa tuliitumia kwa waombaji wote, na sababu yake ilionekana njema, maana mtu unayemjua ni rahisi kumdai.

Kuna mama mmoja mjane kutoka mtaa wa mbali, fundi cherehani, aliomba mara tatu. Kila mara alijaza fomu upya, akatafuta wadhamini upya, akapanda daladala mbili kuja kwenye usaili. Mara ya tatu aliniuliza mlangoni: "Baba, nipungukiwe nini ili nikirekebishe?" Nikamwambia nafasi ni chache, ajaribu tena. Nilijua jibu la kweli. Alipungukiwa kuwa wa nyumbani.

Kama tungeandika katika tangazo kwamba wakazi wa mtaa huu wanapewa kipaumbele, huenda ingekuwa haki yetu kufanya hivyo, kulingana na masharti ya aliyeweka wakfu. Mama yule angesoma, angejua, angeokoa nauli na matumaini yake. Sisi tulimfungulia mlango, tukamkaribisha kwenye mashindano, na tukauficha ukurasa wenye kipimo. Nilichomwambia mpwa wangu kuhusu rafiki yake aliyewapumzisha warushaji, nilikuwa nikijiambia mimi.

Ndugu msomaji, kila mmoja wetu ana ufunguo wa mizani fulani. Kuna mwenye kamati, kuna mwalimu anayesahihisha, kuna ofisa wa ajira, na kuna anayetengeneza programu za simu zinazoamua nani akopeshwe na nani anyimwe, na aliyenyimwa haelezwi kwa nini. Sisemi tusiwapendelee jamaa na majirani kabisa. Jirani ana haki yake. Nasema upendeleo unaostahiki kuwepo unastahiki pia kuandikwa ukutani. Ukiona haya kuuandika, huo ndio unyevu uliousukuma chini ya rundo.

Mpwa wangu amewaandikia wenzake akakiri, akaufuta ubingwa wake, na ukurasa wa vipimo sasa unaonekana na kila mwenye timu. Wamepiga kura wakarudisha 54. Yule rafiki bado hajajibu, na kijana ameelewa kwamba kuombwa radhi hakumlazimishi mtu kurudi.

Kwa upande wangu, nimeomba suala la sifa zetu za siri liwekwe katika ajenda ya kikao kijacho. Najua wapo watakaokasirika. Fremu ile ina mpangaji mwingine, na mkataba wake haujaisha. Namba ya simu ya yule mama iko katika fomu zake tatu, na mpaka ninapoandika haya sijapata ujasiri wa kumpigia. In shaa Allah nitapiga kabla ya kikao.

Wallahu a'alam.